Mluzi Ndani ya Kasha

6 Februari 1999

Mpwa wangu Kasuku,

Nakuletea salamu gunia zima, kazi yako ni kugawa. Kubwa mpe mama yako, maana yeye ndiye dada mkubwa na akipewa ndogo atanuna wiki. Ya pili mpe mama yako mdogo, mwambie mdogo wake bado anamkumbuka alivyokuwa akilia akikatwa kucha. Nyingine zote za kwako. Mimi ni buheri wa afya, tumbo tu ndilo limeanza kufika kabla ya mwenyewe.

Nimeambiwa babu yako bado hasemi tangu kile kiharusi. Poleni sana. Sina la kuongeza hapo.

Sasa kaa vizuri, usije ukaanguka. Nakutumia kompyuta! Naam, kompyuta, wewe uliyemaliza kozi ya kupiga taipu halafu ukarudi kwenye cherehani ya mama yako. Nimeiunda kwa mikono yangu kutoka kwa marehemu watatu: kasha la mmoja, ubongo wa mwingine, kioo cha wa tatu. Hapa mjini mashine ikikata roho asubuhi inaletwa kwangu, jioni inaomba chai. Cheti sina, lakini wenye vyeti ndio wanaonibebea mashine zao hadi mlangoni. Ukishuka stendi uliza, "Injinia wa kompyuta yuko wapi?" Wasipokuonyesha, ujue umeshuka mji mwingine.

Ataileta utingo wa lori la saruji, kijana mwaminifu ila anapenda maneno. Iweke chumba cha mbele, pale anapokaa babu yako, kuna hewa. Itakuandikia, itakupigia hesabu, itawaimbia. Waite majirani siku ya kuiwasha, wasije wakasema hawakualikwa.

Ni mimi mjomba wako, asiyeshindwa na waya,
Injinia

20 Machi 1999

Mjomba Injinia,

Shikamoo. Salamu nimezigawa kama ulivyoagiza. Mama kasema yake haikuwa kubwa kama ulivyotangaza. Mama mdogo kasema wewe ndiye uliyekuwa ukilia kwenye kucha, na mashahidi anao. Sisi wazima. Kuku wa mama mdogo ameatamia ndani ya kapu la nguo za wateja, hakuna anayethubutu kumtoa, na kuna bwana mmoja anasubiri suruali yake mpaka vifaranga vitoke.

Kompyuta imefika salama. Utingo naye amefika na maneno yake. Anasema ofisi yako iko chini ya ngazi, na ukitaka kusimama wima unatoka nje kwanza.

Mjomba, majirani niliwaita. Si ulisema itaimba? Walijaa hadi dirishani, mama akatandika kitambaa kipya juu ya kioo, watoto wakakatazwa kupumua. Nikawasha. Kasha likakohoa, likanguruma, kisha likasema "tii!" Basi. Tukangoja. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. "Tii!" Fundi viatu wa jirani akasema, "Huyu si mwimbaji, huyu ana mafua." Mpaka leo nikipita dukani kwake ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Kutaipu inataipu, nashukuru kwa moyo wote, tayari shule imenipa mitihani ya kuchapa. Lakini nimekaa kukuandikia kwa ajili ya jambo jingine.

Babu hali yake si nzuri kama tunavyowaambia watu. Mkono wa kulia umelala. Muuguzi anakuja kumfanyisha mazoezi, babu anageukia ukuta. Muuguzi alituita nje akasema wazi: vidole visipotumika sasa hivi, vitakauka vikiwa hivyo hivyo, na mtu anayegeukia ukuta kila siku huwa hakai sana. Mama alirudi ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Lakini siku ile kasha liliposema "tii", babu aligeuza kichwa. Nilimwona. Likasema tena, akageuza tena. Si redio, si sisi, si sheikh wala padri aliyekuja kumwombea. Kile kijisauti tu. Basi niambie ukweli, Mjomba, acha ufundi wa mdomo: hiki kitu kinaweza kuimba au hakiwezi?

Mpwa wako anayechekwa mtaa mzima,
Kasuku

15 Aprili 1999

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Mwambie huyo utingo ngazi zote zinaanzia chini. Na bwana wa suruali mwambie avumilie, kuna watu wamevaa nguo mpya na hawajawahi kuatamiwa.

Mafua! Fundi viatu ananiambia mimi mafua! Nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama, nikagonga kichwa (sina maana ya ngazi, nina maana ya jambo jingine), nikasema leo namjibu kwa vitendo.

Sikiliza. Ndani ya kasha lako, kando ya ubao wa umeme, kuna kispika kidogo kama kifuniko cha chupa. Hakina kitufe cha kuongeza wala kupunguza sauti. Hakijui ngoma, hakijui gitaa, hakiwezi kutoa sauti mbili kwa pamoja hata ukikipiga viboko. Kazi kiliyopewa na mama yake kiwandani ni kupiga kelele mashine ikiugua. Lakini kina kitu kimoja: ukikipa namba, kinaitii. Namba ikiwa ndogo sauti inakuwa nzito, ikiwa kubwa inakuwa nyembamba. Ni kama mtu anayejua mluzi tu maishani mwake.

Chukua ile diski niliyoibandika karatasi nyekundu, iingize, uwashe. Ikitulia andika namba ya mstari, kisha neno SOUND, kisha namba mbili zenye mkato katikati. Ya kwanza ni wembamba wa sauti, ya pili ni urefu wake. Kumi na nane ni kama sekunde moja. Mstari mmoja, sauti moja. Ukimaliza bonyeza kitufe cha F2, ukae pembeni.

Sasa nakupa wimbo wenyewe. Nikisema wimbo sina maana ya hizi za redioni. Babu yako alipokuwa na karakana ya baiskeli hakuwa anaita watoto kwa jina kama wazazi wengine. Mdomoni alikuwa na misumari midogo, mkononi spana, angeita saa ngapi? Basi kila mtoto alimpa mluzi wake. Aliutoa pembeni mwa mdomo bila kuangusha msumari hata mmoja, na ulivuka paa saba. Ukisikia wako, popote ulipo, unajibu "Naam, baba!" na miguu inakuja nyuma ya jibu. Ukisikia wa mwenzako unaendelea kucheza, hata kama umenusa chakula. Hapakuwa na kukosea. Mbwa wa jirani naye alikuwa anajua wa nani ni upi.

Huu ndio wa mama yako, nimeushika kichwani kama redio kuu:

10 SOUND 392,4
20 SOUND 523,4
30 SOUND 659,9

Nimeujaribu hapa ofisini, wenzangu wanne tunaotumia meza moja (meza ni ndefu sana) wakaniuliza nani kaingia na ndege. Ucheze babu yako akiwa ameamka. Usimwambie umetoka wapi.

Mjomba wako, daktari wa vispika

9 Mei 1999

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa kichwa. Vifaranga vimetoka, suruali imetoka, bwana kaikubali ingawa inanuka banda. Mama anakusalimu. Mama mdogo hakusalimu bado, ana hasira na wewe, utaona.

Kwanza nilifanya kosa. Mwisho wa mstari wa tatu badala ya 9 kidole kilinisaliti, nikaandika 900. Mjomba, kilishika sauti moja na hakikuachia! Nikatafuta kitufe cha kupunguza, nikakumbuka hakipo. Nikakifunika kwa mto, nikaweka na koti la mteja. Mama akapiga kelele, "Chomoa!" mimi nikasema, "Nikichomoa nitapoteza mitihani ya shule!" Muuguzi alikuwa anaingia, akageuka akatoka mbio akidhani moto. Fundi viatu akaja mlangoni na nyundo yake mkononi. Kikanyamaza chenyewe, na tukiwa kimya hivyo tukasikia kitu. Babu alikuwa anatikisika mabega. Alikuwa anacheka, Mjomba! Upande mmoja wa mdomo tu, lakini anacheka.

Nikarekebisha. Nikabonyeza F2. Zikatoka tatu, safi. Nikamwangalia mama, maana ndiye mwenye mluzi. Mama katulia anakunja nguo kama hajasikia kitu.

Ila uani ndoo ikaanguka, puu! "Naam, baba!" Na mama mdogo huyo, mbio, povu la sabuni hadi viwikoni, kaingia mpaka katikati ya chumba kabla hajajua ameingia kwa nini. Mwanamke wa wajukuu wawili! Akasimama anatuangalia, sisi tunamwangalia yeye. "Nani kaniita?" Akamwangalia babu, akakaa chini pale pale na povu lake, akaanza kulia huku akikutukana. Anasema wewe tangu zamani ulikuwa huwezi kutofautisha wa kwake na wa mama, ndiyo maana ulikuwa unawasingizia kuitwa ili ubaki na viazi.

Kwa hiyo, redio kuu, ulishika stesheni ya jirani.

Babu alinyoosha mkono kumshika kichwani. Wa kulia, Mjomba. Haukufika, ulianguka katikati, lakini ulitoka. Siku ya pili yake hakugeukia ukuta. Mama akaupiga wa kwake kwa mdomo, nikautafutia namba. Sasa nacheza wa mama na wa mama mdogo kila jioni saa ambayo babu alikuwa akifunga karakana, na wao wanajibu, hata wakiwa wamekaa pale pale.

Baada ya hiyo miwili babu huendelea kuliangalia kasha. Anasubiri kitu. Watoto mlikuwa watatu. Wako uko wapi? Nimemuuliza mama, kasema, "Huo si wangu kuutoa. Mwenyewe aupige au aache." Mama mdogo naye akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua, na hakuwa amefua.

Nitumie namba zako.

Kasuku

30 Julai 1999

Mpwa wangu,

Marahaba. Usinihesabie siku nilizochelewa. Kulikuwa na kazi, kisha kulikuwa na mvua, kisha kalamu. Salamu kwa wote, na mama yako mdogo mwambie viazi vile nilikula kwa masikitiko makubwa.

Nimefurahi sana kuhusu mkono. Nilimsomea kila mtu kipande kile. Mpaka mama anayetuletea chai alikisikiliza, akaongeza sukari bila kuombwa.

Hapa mambo yamepamba moto. Nimekuwa maarufu kwa kispika changu. Nimekifundisha kuimba kama jogoo, kama king'ora, kama bosi akikohoa. Jana nilimtegea mhasibu mmoja mashine yake, kila akibonyeza "futa" inamzomea. Wamesema wataniita kwenye mikutano.

Ama hilo la mluzi wangu, mimi sikuwa nao. Nilikuwa kitinda mimba, mzee alikuwa amemaliza miluzi yote kwa dada zangu. Mimi nilikuwa nafika bila kuitwa, kama inzi. Na ukishakuwa mtu wa kufika bila kuitwa, siku usipofika hakuna anayegundua. Basi, tusonge.

Nakuwekea kwenye karatasi ya pili wimbo wa jogoo, utampendeza babu yako. Mzee anakula vizuri? Huwa anauliza lolote? Yaani kwa macho, najua hasemi. Anauliza kuhusu kitu chochote, au mtu?

Nilikuwa nikifikiria kuja mwezi ujao lakini mashine zimerundikana, na bila mimi mji huu utarudi kwenye kalamu.

Mjomba wako

22 Agosti 1999

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima, kuku pia. Mhasibu mpe pole. Wimbo wa jogoo niliucheza mara moja, jogoo wa kweli akaja kupigana na kasha, sitaucheza tena.

Kaa chini kabla hujaendelea. Kichwa kiangalie.

Mama hataki kusema, mama mdogo hataki, na wewe ndio hivyo, inzi. Nikaona nimwendee mwenye mali. Nikavuta kiti cha babu mpaka kwenye kasha. Nikamwambia, "Babu, mimi napandisha na kushusha. Wewe nionyeshe kwa kidole gumba. Juu, ongeza. Chini, punguza. Ukikunja ngumi, tumefika."

Alinikazia macho. Nikadhani nimekosa adabu. Halafu mkono wa kulia ukatoka kwenye blanketi, na gumba likaanza kupanda taratibu kama jeki chini ya gari.

Mjomba, tulifanya kazi. Siku ya kwanza tulipata sauti moja, akachoka, akalala. Siku iliyofuata akanigonga bega yeye mwenyewe: twende. Baba yako wewe ni fundi, hataki karibu-karibu. Nikikosea kidogo anafumba macho kama mtu aliyesikia mnyororo wa baiskeli ukiruka. Muuguzi alitukuta, akatuangalia kutoka mlangoni, akaondoka bila kumfanyisha mazoezi. Alisema hayo ndiyo mazoezi.

Sauti ya mwisho ilitusumbua. Nilifika mahali nikaona imependeza, babu gumba juu. Nikapandisha. Juu. Nikapandisha tena, nikasema, "Babu, sasa tunamwita nani, malaika?" Juu! Kisha akakunja ngumi. Lakini urefu haukumridhisha, akawa anavuta mkono hewani, vuta, vuta, mpaka nikaweka mrefu kuliko niliowahi kuweka, ukiacha ule wa makosa.

Nikabonyeza F2 tuucheze wote. Mama alikuwa jikoni anapika uji. Akaja akasimama nyuma yetu na mwiko. Uji ukaungua, tukaunusa wote, hakuna aliyekwenda. Akasema, "Huo ni wa mdogo wetu."

Ndipo akanieleza. Siku uliyoondoka na sanduku la spana, umekataa karakana, umeufuata umeme, babu alisimama mlangoni akasema, "Nenda. Lakini mimi sikuiti tena. Ukirudi, rudi kwa miguu yako, mluzi wangu usiungoje." Na wewe ukasema huhitaji kuitwa na mtu. Mama anasema mlikuwa mnafanana hata namna ya kukunja shingo. Anasema si kweli kwamba hukuwa na mluzi. Wako ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, kwa sababu katika wote watatu wewe ndiye uliyekuwa ukienda kucheza mbali zaidi.

Sasa babu hanisubiri. Jioni anajisogeza mwenyewe, anabonyeza F2 kwa kidole chake cha kulia, kile muuguzi alichosema kitakauka. Unalia wa mama, mama anajibu. Unalia wa mama mdogo, anajibu kutoka uani. Kisha unalia huu wa tatu, na babu anaangalia mlango. Sisi tunanyamaza, maana si wetu kuujibu.

Hizi hapa namba. Si zangu, mimi nilikuwa vidole tu.

10 SOUND 523,4
20 SOUND 523,4
30 SOUND 659,6
40 SOUND 587,4
50 SOUND 784,30

Kasuku

5 Septemba 1999

Kasuku wangu,

Salamu zote ziko ndani ya mfuko mmoja leo, wagawie bila mizani.

Barua yako niliipokea saa ya chai. Nikasema nitazisoma tu hizo namba. Mimi si nimetengeneza mashine ngapi, nina haja gani ya kuzicheza? Kisha mkono ukaenda wenyewe. Kulikuwa na mashine ya mteja mezani imefunguliwa kifua, kispika chake kinaning'inia kwa waya wake mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Nikaandika. Nikabonyeza F2.

Kilipofika ile ya mwisho, miguu ilisimama kabla yangu. Na kwenye ofisi yangu, utingo alisema kweli, huwezi kusimama wima. Nilijigonga mpaka vumbi la ngazi likatuangukia sote. Wenzangu wakacheka, "Injinia kaitwa na nani?" Nikafungua mdomo niwape mzaha, wanajua sikosi. Hakuna uliotoka. Nilikuwa mtoto, nina matope magotini, niko ng'ambo ya uwanja wa mpira, jua limeshuka, nimechelewa. Mama wa chai akaniambia nikae. Nikamwambia siwezi, mama, nimeitwa.

Ameipata ile 784. Mimi nilikuwa najaribu kwa siri miaka yote hii, kila mashine mpya inayoingia, na nilikuwa naishia 740 halafu naona kuna kitu hakijakaa. Kumbe nilikuwa sipandishi vya kutosha. Wewe ucheke, lakini usimwambie fundi viatu.

Mashine za watu nimewaachia wale wanne. Mji utarudi kwenye kalamu, shauri yake. Lori la saruji linaondoka keshokutwa, utingo amekubali nikae mbele kwa sharti nimsikilize njia nzima. Nakuja na sanduku la spana, lile lile. Nakuja na kispika kikubwa kidogo, ila tutaona kama mzee atakikubali. Huenda akasema hiki cha mafua ndicho anachokielewa.

Barua hii naipa posta, mimi napanda lori, tuone nani atatangulia. Ikinitangulia, usiisome yote mbele ya watu, nina jina la kulinda. Subiri jioni, abonyeze mwenyewe, uishe wa mama yako, uishe wa mama yako mdogo, uishe na wangu. Akiangalia mlango, msomee mstari huu mmoja, kwa sauti, kama mtu anayekimbia:

Naam, baba!